Maombi ya Kuisaidia Buigiri Ianze Kuchafua

Kwa: Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), Dodoma

YAH: NGOMA ISIYO NA KITU CHA KUPUNGUZA

Tamasha la muziki huhesabiwa kuwa rafiki wa mazingira pale linapopunguza uchafuzi wake mwaka hadi mwaka. Waandaaji hupima dizeli, plastiki, takataka na safari za mwaka wa kwanza, huweka malengo, kisha huonyesha jinsi tarakimu zinavyoshuka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 20121, kilichotolewa mwaka 2012 London ilipokuwa ikiandaa Michezo ya Olimpiki, kinamtaka mwandaaji wa tukio awe na sera, kumbukumbu na maboresho yasiyokoma. Kwa utaratibu huu anayeng'ara ni mwenye vingi vya kupunguza. Ngoma ya Kigogo, kama inavyochezwa Buigiri na vijiji vya jirani wilayani Chamwino baada ya mavuno, inakwama tangu ukurasa wa kwanza wa fomu, kwa sababu mwaka wake wa kulinganishia hauna cha kuandikwa.

Buigiri iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, kilomita thelathini na kitu mashariki mwa jiji la Dodoma, jirani na Chamwino yenye Ikulu. Ni hapo Chamwino ambapo Tamasha la Muziki wa Cigogo limekuwa likifanyika tangu 2009 chini ya Chamwino Arts Centre. Barua hii hailishitaki tamasha hilo wala jingine lolote. Inaorodhesha upungufu wa ngoma yenyewe na kupendekeza hatua za kuifikisha mahali ambapo, siku Baraza likiamua kuweka vigezo vya matamasha ya kijani, nayo itakuwa na kitu cha kukaguliwa.

Upungufu wa kwanza ni wa umeme. Ngoma za muheme hupigwa na wanawake, kila mmoja akiwa ameibana yake katikati ya mapaja, na mlio wake hufika kijiji cha pili bila waya. Zeze ni kibuyu, ngozi, kijiti na nyuzi. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba juu yake, na matundu yake huzibwa kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake; utando huo ndio unaoipa sauti ule mkwaruzo wake. Ukitoboka, hutafutwa mwingine ukutani, na buibui hatoi ankara. Hukwe Zawose, msanii wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, alizifikisha ala za aina hii kwenye majukwaa ya Ulaya bila kuhitaji kontena.

Wenzetu wako mbali zaidi. Katika ziara yao iliyoanza 2022, wanamuziki wa Coldplay wametandika sakafu maalumu zinazogeuza miruko ya watazamaji kuwa umeme, na mwaka 2024 walitangaza kwamba hewa ukaa inayotokana na shughuli zao wenyewe imepungua kwa asilimia 59 ikilinganishwa na ziara yao ya 2016 na 2017. Agosti 2024 wanamuziki wa Massive Attack walifanya onyesho mjini Bristol, Uingereza, kwa umeme wa betri bila jenereta za dizeli. Buigiri watu huruka tangu asubuhi na nguvu yote huishia kwenye vumbi. Inapendekezwa basi kwamba mwaka wa kwanza zikodiwe jenereta mbili na spika za kutosha kuwafunika wapigaji. Mwaka wa pili ibaki jenereta moja. Punguzo litakuwa asilimia 50, karibu sawa na la Coldplay, na Baraza litapata pia nafasi ya kutumia Kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo, ambazo muheme peke yake haujazipa kazi ya maana.

Upungufu wa pili ni wa usafiri. Ripoti ya sekta ya matamasha ya Uingereza ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba safari za watazamaji zinaweza kufikia asilimia 80 ya hewa ukaa ya tamasha zima. Ndiyo maana mtaalamu wa kweli huanzia barabarani, na mtaalamu wa picha huanzia kwenye mirija ya kunywea soda. Abiria mmoja wa ndege kati ya London na Dar es Salaam, kwenda na kurudi, hubeba kwenye hesabu yake zaidi ya tani moja ya hewa ukaa. Mtanzania wa wastani, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, hafikishi nusu tani kwa mwaka mzima. Mgeni huyo hukabidhiwa begi la kitambaa lenye maandishi yanayomhimiza kutunza mazingira, na kikundi kilichotoka kijiji cha tatu, watu wamesimama nyuma ya fuso moja na ngoma zao, hakipati begi.

Ipo sehemu moja ambayo maendeleo yameshaonekana katika sherehe nyingi za nchi hii, nayo ni msafara wa mgeni rasmi. Mashangingi hupangwa kivulini, kwenye kivuli pekee kilichopo, na madereva huacha injini zikinguruma ili viti visipoteze ubaridi wake mpaka hotuba iishe. Hotuba ikihusu mabadiliko ya tabianchi huwa ndefu. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR huwafikisha abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa tatu hadi nne, na kutoka Dodoma hadi Buigiri zipo Coaster. Msafara mzima ungeenea kwenye behewa moja na Coaster moja. Pendekezo hilo halimo kwenye barua hii, kwa kuwa litaathiri posho ya mafuta.

Upungufu wa tatu ni wa takataka. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017, na mifuko ya plastiki Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar walitangulia kuikataza mifuko mwaka 2006. Tamasha la Glastonbury la Uingereza liliacha kuuza vinywaji kwenye chupa za plastiki za kutumia mara moja mwaka huohuo wa 2019, na habari ikasambaa duniani. Kwenye ngoma ya kijijini pombe ya mtama hunywewa kwa kibuyu kinachozunguka. Kikipasuka hushonwa, kikishindikana hutupwa shambani na kuoza. Soda kwa miaka mingi imeuzwa kwenye chupa ya kioo, na anayetaka kuondoka nayo huweka kwanza hela ya chupa. Utaratibu huo, ukihamishiwa kwenye vikombe vya matamasha ya Ulaya, husifiwa kama ubunifu. Kwa muuza duka wa Buigiri ni namna ya kumzuia mtoto wa jirani asikimbie na chupa.

Ili kufuta aibu hii, meza kuu iwekewe chupa ndogo za maji ya plastiki, mbili kwa kila mheshimiwa, moja ya kunywa nusu na moja ya kuiangalia. Chupa hizo ndizo zitakazookotwa na wanafunzi siku inayofuata mbele ya kamera, na uzito wake utaandikwa kwenye ripoti.

Upungufu wa nne unapaswa kuelezwa bila mzaha mwingi, kwa sababu hapa Buigiri ina kitu cha kupunguza. Chakula cha watu wengi hupikwa kwa kuni, na anayesafiri barabara ya Dodoma na Morogoro huona magunia ya mkaa yamesimamishwa pembeni yakingoja wateja. Serikali iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Tamasha si shule wala gereza, lakini kwa siku zake chache hulisha watu wengi kuliko hao mia. Mtungi mkubwa wa gesi au majiko banifu machache yaliyojengwa mahali pamoja, vikundi vyote vikala ugali wa uwele na mlenda kutoka sufuria zilezile, yangeokoa miti mingi kuliko fulana zote zilizochapishwa picha ya mti. Mabaki hayana haja ya mkakati. Mbuzi wa Buigiri wanafika bila kualikwa.

Ajabu ni kwamba jiko hukaa nyuma ya uwanja, ambako mgeni rasmi hapitishwi, na moshi wake huvutwa na akina mama ambao hawamo kwenye orodha ya wazungumzaji. Ndiyo maana jambo lenye faida kubwa kuliko yote huwa la mwisho kutajwa, baada ya mirija.

Upungufu wa tano ni wa maji. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Matamasha yanapendwa Julai, wakati wa kiangazi, upepo ukiwa mkali na vumbi likiwa jekundu. Kamati makini ya mapokezi hukodi boza la maji limwagie uwanja kabla ya msafara kuingia. Ndani ya saa moja jua limeyanyonya maji yote na vumbi limerudi kazini, na kwenye kizimba cha maji foleni ya madumu iko palepale. Kucheza ngoma ya Kigogo kwenye uwanja usiotimua vumbi ni kazi isiyo na shukrani, na wachezaji hawajawahi kuomba boza. Fedha ya boza ingetosha kuweka matangi mawili ya maji ya kunywa na ya kunawia, na vyoo vya muda vilivyotenganishwa vya wanawake na wanaume, mahitaji ambayo huonekana pale tu yanapokosekana.

Upungufu wa sita ni wa miti, na ndiyo sura iliyonona kuliko zote. Hakuna tamasha la kijani bila mgeni rasmi kupanda mti. Mti unaopandwa Julai kwenye ardhi ya Dodoma una miezi mitano ya kungoja mvua, na kati yake na mvua hiyo wamo ng'ombe, mbuzi na upepo. Shimo hubaki. Mwaka unaofuata huwa limeshachimbwa tayari, jambo linalopunguza gharama za maandalizi.

Mkoa huu haukosi historia ya kazi ya kweli ya miti na udongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kupambana na makorongo yaliyokuwa yakila mashamba ya Kondoa na kwingineko. Desemba 2017 ilizinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani. Mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit, lilianza kusambaza vijijini mbinu ya kisiki hai. Mkulima hachimbi shimo. Huchagua kisiki cha mti uliokatwa ambacho mizizi yake bado i hai, huacha machipukizi machache yenye nguvu, hupogolea mengine, hufunga kipande cha kitambaa kama alama ya kwamba mti huo una mwenyewe, kisha huulinda na mifugo. Mizizi imeshafika kwenye unyevu, kwa hiyo mti haungoji ndoo ya mtu.

Njia hii ina dosari moja ya kiitifaki: hakuna mche wa kushikwa mbele ya wapigapicha. Dosari hiyo inatibika. Utepe ambao kila mgeni rasmi huja kuukata kwa mkasi uliowekwa kwenye sinia, safari hii aufunge kwenye kisiki. Urefu wake unatosha visiki kumi. Faida yake kwa muziki nayo ni ya moja kwa moja, kwani muheme huchongwa kutoka kwenye gogo, na fimbo za wachezaji na mbao za ilimba hutoka kwenye pori hilohilo linalogeuzwa mkaa. Pori likiisha, tamasha litabaki na jenereta.

Upungufu wa saba na wa mwisho ni wa mabango. Bango la plastiki huchapishwa tarehe, jina la mgeni rasmi na kaulimbiu ya mwaka, hivyo hufa jioni ileile na kuzaliwa upya kama paa la banda la kuku. Likiachwa bila tarehe na bila jina litatumika miaka kumi. Kuku watalazimika kutafutiwa ufadhili mwingine.

Kwa maelezo hayo, Baraza linaombwa:

1. Kupima uchafuzi wa tamasha kwa kila mtu aliyehudhuria, ili lile lisilochafua lisishindwe na lile lililochafua sana kisha likapunguza.

2. Kudai hesabu ya safari na ya jiko kwanza, kabla ya hesabu ya mirija na mabegi ya kitambaa.

3. Kutohesabu mti wowote uliopandwa kiangazi mpaka upitiwe na masika mawili ukiwa hai.

4. Kuhesabu injini za msafara kama sehemu ya tamasha, zikiwa zinatembea na zikiwa zimesimama.

5. Endapo maombi hayo manne yatashindikana, kutoa kibali cha jenereta mbili zilizotajwa hapo juu, ili Buigiri nayo ianze safari ya kupunguza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpenda ngoma, Buigiri

Nakala:
Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) – kwa taarifa
Kamati za mapokezi, popote zilipo – kwa taarifa
Madereva wa msafara – kwa utekelezaji