Kushoto Kunapogeuka Kulia

Ndege ya rimoti ikiwa inampa mgongo anayeirusha, mambo ni shwari. Kidole kikienda kushoto, nayo inakwenda kushoto. Balaa ni kwamba lazima irudi. Ikishageuza pua na kumtazama bwana wake, kushoto kwake kunakuwa kulia kwa aliye chini, na hapo ndipo mwanafunzi, mtu mzima mwenye familia na kadi ya Yanga, anapoiona inaelekea kwenye mwembe, anasukuma kijiti cha rimoti ili aiepushe, na kumbe anaiongezea mwendo wa kuufikia.

Wazoefu wana dawa yake: ndege ikikujia, sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama. Dawa nzuri, ila huwa inakumbukwa wakati wa kupanda mwembe.

Tumweke mwanafunzi huyu Mpitimbi, Songea Vijijini, kwenye uwanja wa mpira. Kabla hajachomeka betri, watoto wameshafika. Kabla hajaonja upepo kwa kurusha majani makavu juu, makocha nao wameshafika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika rimoti. “Panda, kaka, panda!” Anapanda. Anavuta kijiti, pua inakwenda juu, mwendo unapungua, mabawa yanakosa hewa ya kuyabeba, na ndege inajibwaga. Sekunde 12, labda. Asione haya: Orville Wright naye, tarehe 17 Desemba 1903, katika safari ya kwanza ya ndege yenye injini, aliruka sekunde 12 na mita kama 36 tu, haifiki nusu ya uwanja wa mpira. Siku hiyohiyo, baada ya safari ya nne, upepo uliipindua ndege ya Orville na kaka yake ikavunjika, isiruke tena. Tofauti ni kwamba katika zile sekunde 12 Orville alikuwa juu ya ndege yenyewe.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba ndege za mafunzo, zile zenye bawa juu ya kiwiliwili na ncha zilizoinuliwa kidogo, hujinyoosha zenyewe zikiachwa. Mara nyingi anayeziangusha ni mkono uliojaa bidii. Mwaka 2016, Zanzibar ilipoanza kupigwa picha kutoka angani kwa ajili ya ramani, wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA walifundishwa kurusha eBee, kidege chepesi cha povu. Unakitikisa mara tatu, mota inaamka, unakiachia, na kompyuta iliyo ndani inakiongoza hadi kinatua. Mwanafunzi wa Mpitimbi hana kompyuta hiyo. Ana vidole gumba viwili, na vyote vina kiherehere.

Halafu kuna mahindi. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na ifikapo Machi yanampita mtu kimo. Ndege ikitumbukia humo haivunjiki sana, kwa kuwa mabua huipokea, ila haionekani. Kundi zima linaingia shambani, kila mmoja akiapa ameiona ilipodondokea, na kila mmoja akionyesha upande wake. Anayejua kazi hunyamazisha watu, asiguse mota, kisha huchezesha vijiti vya vibawa. Katikati ya majani unasikika mlio mwembamba, zii, zii, wa vimota vinavyosukuma vibawa. Unaufuata kwa sikio, unatenga majani, na hiyo hapo, pua imezama udongoni, mkia unapunga.

Nyumbani inafuata gundi. Bawa la povu jeupe, la aina inayofungiwa televisheni kwenye boksi, limepasuka kidogo, na dukani ipo ile gundi ya kioevu inayonasa vidole papo hapo. Anadondosha tone moja. Povu linayeyuka, ufa unakuwa tundu. Anaongeza la pili ili kuziba tundu. Gundi nyeupe ya mbao ingetosha, lakini hiyo inataka usiku mzima kukauka, na nani ana subira hiyo wakati watoto wameshagonga mlango?

Lakini kabla ya kufika huko nyumbani, shambani hajamaliza. Mwenye mahindi amesimama kwenye mpaka, mikono nyuma.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hiyo ni yako au ya serikali?”

“Yangu, mzee. Najifunza.”

Mzee anaitazama ndege, anayatazama mabua yaliyolala, anarudi kwenye ndege. “Basi afadhali. Ya serikali nisingejua pa kudai. Hesabu mabua, mjukuu wangu.”