Muulize Mshauri: Matope, Kuta na Amani ya Nyumba

Wiki hii barua zimefika zikiwa na alama za vidole vya tope. Kuanzia Sirari hadi Mugumu, watu wazima wenye akili zao na vitambulisho vya taifa wameanza kuzungumzia mbio za matope: kutambaa chini ya nyavu, kukwea kuta za mbao, kupita kwenye madimbwi na kuvishwa medali mwishoni. Mshauri amezisoma barua zote, nyingine baada ya kuzianika. Majina ya waandishi yamefichwa kwa ombi lao, na kwa upande wa karani wa Mugumu, kwa usalama wa ajira yake.

Karani huyo anaeleza kwamba bosi amerudi kutoka semina Arusha akiwa na wazo kuwa watumishi wataelewana zaidi wakivutana ndani ya tope. Yeye ana raba nyeupe, mpya, alizonunua kwa mkopo wa kikoba. Anauliza kama azivae siku ya mbio.

Asizivae. Udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kila dereva wa Serengeti anaujua kwa matusi, ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyufa zake za kiangazi zinaweza kumeza simu. Ukinywa mvua hushika soli, hatua inayofuata ikaongeza tabaka, na ya baadaye nyingine, hadi mtu anajikuta mrefu kuliko alivyozaliwa. Wengi hukimbilia gambuti, na hapo ndipo wanapokosea: gambuti hujaa maji, tope hulishika, mguu unatoka, buti linabaki limesimama peke yake katikati ya njia. Kinachofaa ni raba kuukuu yenye meno chini na kitambaa kinachopitisha maji, kamba zifungwe mara mbili. Mguu uliozama usivutwe wima kwa nguvu. Kisigino kitangulie kunyanyuka, kichezwe kidogo ili hewa iingie chini, ndipo vidole vifuate. Aliyechunga ng'ombe wakati wa masika hana haja ya kufundishwa jambo hili. Karani aliyesoma bweni, pengine anayo.

Raba nyeupe azivae Jumatatu, ofisini, mbele ya bosi.

Barua ya pili imeandikwa kwa herufi kubwa tupu na inatoka Nyamongo, wilayani Tarime. Mwandishi ni kijana aliyekulia malishoni, ambaye anadai kuwa tope kwake ni ndugu wa damu. Mbio za kupita chini ya nyavu anaziona za watoto. Anataka kujifua "kwa kiwango cha kimataifa": mwezi wa 8 aende Kogatende, asubiri nyumbu wakusanyike kingoni, kisha avuke nao Mto Mara. Swali lake ni moja tu, avae bukta ya rangi gani ili asiwashtue wanyama.

Tulia kwanza, mura. Kogatende iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na askari wa TANAPA akimkuta mtu amechuchumaa katikati ya nyumbu hataanza kwa kuuliza habari za bukta. Lakini tuseme kijana amewakwepa askari. Hao wakimbiaji anaotaka kushindana nao ni akina nani? Ni zaidi ya milioni moja, wakiandamana na pundamilia kwa malaki, na kati ya Julai na Oktoba hivi wengi wao huwa kaskazini mwa hifadhi wakivuka mto huo kwenda na kurudi. Mshiriki wa mbio hizo hapewi namba ya kifuani wala gari la wagonjwa.

Mwaka 2017 Amanda Subalusky na watafiti wenzake walichapisha hesabu ya nyumbu wanaozama katika sehemu ya Mto Mara iliyoko Kenya. Wastani wao ni nyumbu 6,250 kwa mwaka, mizoga yenye uzito wa takriban tani 1,100, sawa na nyangumi wakubwa 10 waliotupwa mtoni. Nyama huoza kwa wiki chache. Mifupa hukaa miaka 7 hivi ikiachia madini yake majini taratibu. Na mamba, pamoja na umaarufu wote alionao kwenye video za watalii, hula sehemu ndogo tu ya mizoga hiyo. Kijana wa Nyamongo alijiandaa kupambana na meno, ilhali kinachomaliza nyumbu kwa maelfu ni maji. Wanashuka kwenye kingo za mwinuko mkali, walio nyuma wanasukuma, walio mbele hawana pa kutokea, mto umejaa.

Mshauri anaomba sehemu hiyo ya kusukumana isomwe tena, kwa sababu inawahusu hata watakaokimbia kwenye uwanja wa shule. Katika mbio za matope watu hujazana mahali pale pale wanapojazana nyumbu: kabla ya kizuizi, hasa kile cha kurukia majini. Mwaka 2013 huko West Virginia, Marekani, mshiriki mmoja wa mbio za Tough Mudder alizama na kufariki baada ya kuruka kutoka kwenye jukwaa na kutua kwenye maji ya tope yasiyoonesha chini. Kwa hiyo kijana akifika kwenye kizuizi cha namna hiyo, asiruke mpaka amemwona aliyemtangulia ameibuka na kusogea pembeni. Kama waandaaji wamechimba shimo refu la maji na hawakuweka hata mwokoaji mmoja, ageuze arudi nyumbani. Wakimcheka, atacheka nao jioni akiwa hai.

Rangi ya bukta achague mwenyewe.

Msomaji wa Sirari anaandika kwa kujiamini. Ameambiwa asimeze maji ya tope, naye haoni sababu: amezaliwa jirani na zizi, na tangu utotoni anakula kichuri, ile supu chungu ya utumbo wa mbuzi ambayo wageni huitazama wakitafuta mlango. Tumbo lake, anasema, ni la chuma cha pua.

Mshauri anaiheshimu sana kichuri na hatamruhusu mtu aitumie kama cheti cha daktari. Kichuri huchemshwa. Tope la mashindano halijawahi kuchemshwa na mtu yeyote. Oktoba 2012 watu waliokimbia mbio ndefu za vizuizi huko Nevada, Marekani, walianza kuharisha siku chache baadaye. Wachunguzi wa afya walipata wagonjwa 22, chanzo kikiwa bakteria aitwaye Campylobacter, na waliougua walikuwa hasa wale waliomeza maji ya tope njiani. Mbio zilipita kwenye ardhi yenye kinyesi cha ng'ombe na nguruwe. Hao walikuwa watu wenye afya, wengi wao wanajeshi.

Sasa tope la Nevada lilinganishwe na la kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kuwa viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya huingiza kwenye Mto Mara na vijito vyake takriban tani 8.5 za samadi kila siku. Samadi hiyo hulala kwenye madimbwi yao, hula oksijeni yote, na mvua ikiyasukuma madimbwi, samaki walio chini zaidi mtoni hufa kwa kukosa hewa. Tarime na Serengeti ziko chini ya Kenya kwa mtiririko wa mto. Msomaji wa Sirari afanye hesabu mwenyewe. Halafu Machi 2022 maji ya Mara upande wa Tanzania yakageuka meusi, yakatoa harufu, samaki wakaelea. Kamati ya kitaifa iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakuridhika, ubishi ukaenda mpaka bungeni na vijiweni, na Mshauri hatauamua kwenye safu ya mbio za matope. Anachokiona ni kwamba pande zote za ubishi ule zilikubaliana kwa jambo moja: hakuna aliyeshauri maji yale yanywewe.

Kuna pia homa ya mgunda. Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu 20 waliugua na 3 kati yao wakafariki kabla ya wataalamu kutambua kuwa ni leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama ulioingia kwenye maji au udongo. Vimelea vyake hupita kwenye mchubuko, na sijui ni mbio gani za matope ambazo mtu hutoka bila mchubuko gotini. Kichocho nacho hakihitaji hata mchubuko. Konokono wa lamboni hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi nzima ya mtu aliyesimama tu akisubiri zamu yake.

Basi msomaji wa Sirari afunge mdomo anapotambaa, hata kama ana la kumwambia jirani. Vidonda vya jana avifunike au asubiri mbio nyingine. Akimaliza aoge kwa maji safi na sabuni pale pale, na homa ikimshika wiki mbili zinazofuata, amweleze daktari kwamba aligaagaa kwenye tope. Asione aibu akasema amenyeshewa. Na waandaaji wachimbe madimbwi yao mbali na njia ya ng'ombe, wajaze maji ya bomba. Katika tarafa zetu kupata ardhi ambayo ng'ombe hajapita ni kazi kuliko mbio zenyewe, lakini ndiyo kazi waliyolipwa.

Mwanafunzi wa sekondari kutoka vilima vya Tarime anauliza kwa kifupi: aanze kwa kasi au aanze taratibu?

Apelekwe Moscow, Julai 1980, fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hizo ndizo mbio za matope zilizovaa suti: viunzi 28, marukio ya maji 7, na dimbwi limejengwa kwa vipimo. Filbert Bayi, ambaye mwaka 1974 huko Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa kuongoza tangu mlio wa bastola, akaondoka kwa mtindo wake ule ule. Akaacha pengo kubwa. Kwenye mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akalifuta, akapita, akamaliza kwa 8:09.70, Bayi 8:12.48. Medali hiyo ya fedha, pamoja na ile ya mita 5,000 ya Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita huku huku mkoani Mara, iliyopatikana kwenye michezo hiyo hiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Walimu wengi wa michezo huitumia hadithi hii kuwaonya vijana wenye pupa. Mshauri haafiki. Bila pupa ile Christchurch isingekuwepo. Kwenye matope, kutangulia kuna faida ambayo uwanja wa Moscow haukuwa nayo: wa kwanza hukuta tope bado gumu, wa mia hukuta uji, na ukutani hukuta foleni. Kijana akimbie kilomita ya kwanza kwa nguvu, kisha ndani ya madimbwi atembee. Asijaribu kukimbia mle ndani. Nguvu zinazobaki ni za mikono, maana ukuta haukwewi kwa mapafu.

Barua ya mwisho ni ya mama mmoja wa Tarime Mjini, na imeandikwa kwa hasira iliyonyooka. Mumewe, ambaye hukataa kuvuka ua kwenda bandani mvua ikinyesha, amelipa kiingilio ili akachafuliwe na watu asiowajua. Amerudi na medali ya bati. Ameitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi. Mama anauliza kama amerogwa.

Hajarogwa, ila yuko kwenye msafara mrefu. Mwaka 1987 Mwingereza Billy Wilson, aliyependa kuitwa Mr Mouse, alianzisha karibu na Wolverhampton mbio zilizoitwa Tough Guy, zikikimbiwa katika baridi ya Januari. Mwaka 2010 Waingereza wawili, Will Dean na Guy Livingstone, walianzisha Tough Mudder nchini Marekani. Wilson akalalamika kwamba wazo lake limeibwa, wakafikishana mahakamani. Watu wazima waligombania kisheria haki ya kuwatumbukiza wenzao kwenye tope, na mbio za kwanza za Dean zikajaza maelfu wakiwa na fedha mkononi. Jambo limeingia hata Olimpiki: Los Angeles 2028, mchezo wa pentatloni ya kisasa utaondoa farasi na kuweka njia ya vizuizi. Mume huyo amewahi tu kuliko majirani.

Kwa hiyo medali ibaki, lakini ishuke chini ya picha ya harusi. Nguo asizifue mama. Mwenye medali aziache juani mpaka tope likauke, azikung'ute nje kwa fimbo, azisuuze mara mbili kabla sabuni haijagusa kitambaa, na maji hayo ayamwage kwenye migomba, si kwenye bomba la bafuni. Udongo mweusi ukivimba humo ndani, fundi atadai fedha nyingi kuliko kiingilio cha mbio. Akisema amechoka, akumbushwe kwamba Jumamosi aliruka ukuta.