Tuisifu Wi-Fi Isiyokamata

Waswahili tumesifu minazi, majahazi, timu za mpira na wake za watu. Hakuna aliyewahi kusimama hadharani kuisifu Wi-Fi inayogoma ndani ya kikompyuta cha gemu za zamani. Dhuluma hiyo naomba iishe leo.

Ninayemsifu anaishi ndani ya Raspberry Pi, kile kibao cha saketi kinacholingana na kadi ya benki, kilichoanza kuuzwa Uingereza Februari 2012. Wapenzi wa gemu za kale hukipakia programu ya RetroPie, nacho kikageuka kuwa Nintendo, Sega na Atari kwa pamoja. Unachomeka padi, unaunga kwenye runinga, na Mario wa 1985 anaruka tena sebuleni. Wi-Fi ya ndani ilikuja na toleo la tatu, mwaka 2016. Kabla ya hapo wenye kibao walikuwa mafukara. Aliyeitaka adha hii ilimbidi anunue kidude cha USB agombane nacho kwa gharama zake.

Kwa nini tuisifu? Kwa sababu ndiyo gemu pekee ngumu iliyobaki kisandukuni. Super Mario Bros. enzi zake haikuwa na pa kuhifadhia ulipofika: ukizima mashine, kesho unaanza upya. Siku hizi unahifadhi popote, hata Mario akiwa hewani juu ya shimo, na akitumbukia unarudisha nyuma. Mtu mzima anamaliza mchezo mzima bila jasho, kisha anajiita bingwa. Wi-Fi haina upuuzi huo. Ule msimbo maarufu wa Konami, juu juu chini chini, uliowapa wachezaji wa Contra roho 30, uuingize kwenye menyu ya mtandao uone kama utapewa hata nusu.

Tazama kwanza ilivyo na adabu. Matoleo ya karibuni hayafungui redio mpaka yaambiwe yapo nchi gani, maana kila nchi ina sheria zake za masafa. Kifaa kinakaa kimya kama mgeni anayengoja kukaribishwa ndani, na wewe unashuka kwenye orodha ya nchi za dunia, unazipita Andorra na wenzake wote, hadi TZ kule karibu na mwisho. Asiye na subira hujiandikisha Marekani ili yaishe. Basi kama ruta yake inarusha kwenye chaneli ya 13, ambayo huko haitumiki, kifaa kinatii sheria za Washington na kuikana ruta iliyo mezani hapo hapo. Mitandao ya majirani kinaiona vizuri sana.

Lakini kazi yake bora kabisa ni nywila. Kibao hiki Mwingereza, na mpangilio wake wa kibodi hutoka kiwandani ukiwa wa Uingereza. Kibodi tunazonunua madukani kwetu nyingi ni za Kimarekani. Herufi zote zinakubaliana, tarakimu zote zinakubaliana, ila ukibonyeza @ kinaandika alama ya kunukuu. Na kwa kuwa nywila huandikwa kwa vinyota, huoni kitu. Unaiandika tena, polepole. Unaiandika kwa sauti. Unamwita mtoto asome kibandiko cha ruta huku wewe ukibonyeza. Unamtuhumu mke kubadilisha nywila, unampigia simu aliyekufungia intaneti, na muda wote huo wewe uko sahihi, ruta iko sahihi, kibodi iko sahihi. Nionyesheni mtunzi wa gemu aliyewahi kubuni adui wa namna hiyo!

Vikwazo vingine ni vidogo, ila havikosi ustadi. Wi-Fi ya lile toleo la mwaka 2016 husikia masafa ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo ule mtandao wa kasi wa gigahezi 5 ulioulipia haupo duniani. Padi za Bluetooth nazo hutumia masafa hayo hayo ya 2.4. Chaja ya simu ikitoa umeme mdogo, chini ya volti 4.63, alama ya radi ya njano huchomoza kwenye kona ya skrini, na hapo usishangae mtandao ukikatika. Mwenye kupenda urembo akakitia kibao katika kisanduku cha chuma, amekijengea jela. Na Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ilivuka mipaka yote: watu waliiunga kwenye skrini ya 2560 kwa 1440, Wi-Fi ikapotea, kwa sababu waya wa picha ulikuwa ukivuruga masafa yake. Ama uone vizuri, ama uunganishwe.

Faida zake nani atazihesabu? Bando linabaki. Tamaa ya kupakua maelfu ya gemu za wenyewe bila ruhusa inakufa kifo cha kawaida. Unasalimika pia na ule ugonjwa wa kupamba orodha ya gemu kwa picha za majalada mpaka usiku wa manane bila kucheza hata gemu moja. Tena matoleo yaliyotangulia Raspberry Pi 5 hayana saa inayotembea umeme ukikatwa. Bila mtandao, kifaa huamini bado ni siku ile kilipozimwa mara ya mwisho. Mashine ya kukumbukia utoto, nayo inaikataza tarehe isisogee. Unataka uaminifu gani zaidi?

Najua watasimama waoga na waya wa mtandao mkononi, waseme chomeka hapa, inakamata papo hapo. Ni kweli inakamata. Watu hao ndio wanaohifadhi kila baada ya hatua mbili na kujisifu wamemshinda Bowser, adui wa Mario.

Kwako msomaji ambaye usiku huu haikamati: fungua menyu ya mipangilio iitwayo raspi-config, badilisha mpangilio wa kibodi uwe wa Marekani, weka nchi yako ya kweli, kisha andika nywila upya. Ikikubali, pole sana.