Sifa za Bwana Maumivu wa Chini ya Kitovu

Waliosifiwa wameshatosha. Mwezi umesifiwa, asumini imesifiwa, na mbunge husifiwa hata kwa kuzindua kisima ambacho hakikutoa maji. Karne ya 2, Lucian wa Samosata alikaa kitako akamwandikia nzi sifa kemkem. Basi na mimi nipeni nafasi nimsifu mtu wangu ambaye hajaimbiwa taarabu wala kukatiwa utepe: maumivu yanayompata mwanamume aliyewekewa kipandikizi ndani ya uume. Nitamwita Bwana Maumivu, maana kwa kazi anayoifanya hastahili kuitwa jina tupu.

Sifa huanza kwa nasaba, na ya kwake si haba. Babu yake anatoka Urusi. Huko, daktari Nikolai Bogoraz alitumia gegedu la ubavu kuupa uume mhimili, akayaandika hayo mwaka 1936. Gegedu halikudumu, mwili una tabia ya kula kilicho chake. Ukoo ulipata heshima mwaka 1973, pale daktari F. Brantley Scott wa Houston, Marekani, na wenzake walipotangaza kifaa cha silikoni kinachojazwa maji. Yuko pia mjomba mmoja wa kuonewa haya, lakini bila yeye ukoo haujakamilika: Giles Brindley, mtaalamu wa Uingereza, ambaye mwaka 1983 alipanda jukwaani mbele ya mkutano wa madaktari mjini Las Vegas akiwa amejidunga dawa mwenyewe hotelini, kisha akateremsha suruali ili wasomi wajionee matokeo. Waliokuwa safu ya mbele na wake zao hawakuhitaji maelezo zaidi.

Kifaa cha Scott ndicho kinachotumika hadi leo, kimeboreshwa tu. Kina mirija miwili inayolazwa ndani ya uume, tangi dogo la maji ya chumvi linalofichwa nyuma ya misuli ya tumbo karibu na kibofu, na pampu inayokaa ndani ya mfuko wa korodani. Ukiibonyeza pampu, maji yanatoka tangini yanaingia kwenye mirija. Ukibonyeza kitufe cha kufungulia, yanarudi yalikotoka. Kwa nje hakionekani kitu. Lakini ili mirija ipate makazi, daktari hupanua njia kwa vyuma, kimoja baada ya kingine, kila kinachofuata kinene kuliko kilichotangulia, ndani ya kiungo ambacho mwenyewe huruka akiguswa na zipu. Hapo ndipo Bwana Maumivu anapozaliwa. Mgonjwa hana habari, yuko kwenye nusu kaputi.

Sasa sifa yenyewe, na kwangu hii ndiyo kubwa: katika biashara nzima ya nguvu za kiume, huyu ndiye pekee asiyesema uongo.

Tazameni anaofanya nao kazi. Nguzo ya umeme ina tangazo la mganga mmoja anayetibu nguvu za kiume, anarudisha mpenzi aliyekimbia na kukamata mwizi wa ng'ombe, vyote kwa namba moja ya simu. Kuna vumbi la Kongo, ambalo hakuna ajuaye limesagwa kutokana na nini. Kuna alkasusu kwenye chupa zilizokuwa za maji, na supu ya pweza jioni, ambayo mimi naiunga mkono kwa sababu ni tamu, si kwa sababu nyingine. Vidonge vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 ni dawa ya kweli, lakini navyo vina watu wanaovishinda: aliyeugua kisukari miaka mingi hadi mishipa ikachoka, au aliyetolewa tezi dume kwa ajili ya saratani na neva zikaondoka nayo. Baada ya vidonge huja sindano, baada ya sindano huja bomba la kuvuta hewa. Wote hawa kwenye maboksi yao wamechorwa mwanamume anayetabasamu.

Bwana Maumivu hana boksi. Anakwambia jioni ileile, ganzi inapoisha, kwamba umepasuliwa, na umepasuliwa mahali pale.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu ndiyo kwanza anafungua mabegi. Uvimbe unapanda, damu iliyovilia chini ya ngozi inateremka, na mfuko wa korodani unageuka rangi ya zambarau iliyoiva. Mpira wa mkojo huwa umeshatolewa, mara nyingi kesho yake asubuhi, na kwa muda mfupi mtu hudhani amemaliza. Kisha anajaribu kuketi.

Hapa msifiwa wangu anaanza kazi ya ualimu. Mwanamume aliyezoea kukaa kochini miguu imetupwa kila upande anajifunza kuteremka taratibu, upande mmoja kwanza, kama anayeketi juu ya mayai. Suruali zinawekwa kabatini, kikoi kinarudi, na kwa ndani chupi ya kushikilia vizuri, uume umelazwa kuelekea kitovuni kama daktari alivyoagiza. Wavulana wa jando wanalijua vazi hilo na mwendo wake. Tofauti ni kwamba wao waliimbiwa na kupikiwa kuku. Mzee wa miaka 60 anapita koridoni peke yake, ameinua kikoi kwa vidole viwili kisiguse kitu. Anapojisahau akapanda bajaji kwenda kliniki, kila tuta la barabarani humwambia lilipo.

Barafu ndiyo rafiki wa siku za kwanza. Inazungushiwa kitambaa, inawekwa dakika 20 hivi, inatolewa, kisha inarudishwa baadaye. Ikigusa ngozi moja kwa moja itaunguza, na ngozi ile kwa wakati huo haina hisia za kutosha za kulalamika. Nimesikia nyumba ambayo friji ilikuwa imejaa barafu za ubuyu za kuuza, na mwenye nyumba akajisaidia nazo mbili tatu usiku. Sijauliza kama zilirudishwa kwenye biashara.

Dawa za kutuliza zipo, na sifa za Bwana Maumivu zisimfanye mtu akaacha kuzimeza. Parasetamoli hunywewa kwa saa zake, si kwa kungojea hali iwe mbaya. Zile za kundi la ibuprofeni nazo, kwa mwenye figo na tumbo vinavyoruhusu. Tramadoli ina nguvu, ila inafunga choo. Kusukuma choo kigumu ukiwa na kidonda kati ya miguu na tangi jipya tumboni ni somo ambalo halihitaji kurudiwa, ndiyo maana hospitali nyingi humpa mgonjwa dawa ya kulainisha choo pamoja na ile ya maumivu. Wanaume wengi huiacha hiyo ya pili wakidhani haihusiani na ugonjwa wao. Mapapai na maji mengi pia husaidia, na hakuna mapapai yanayoliwa kwa unyenyekevu kama hayo.

Nije kwenye ulinzi. Fikirini mtu aliyekaa miaka mitano bila kazi, kisha anapewa kitendea kazi kipya cha bei kubwa. Unadhani atangoja? Madaktari wengi husema kifaa kisianze kujazwa hadi wiki 4 au 6, na tendo la ndoa lingoje hadi zipatazo 6, ili kidonda kifunge na pampu ikae mahali pake. Karatasi ya maagizo haijawahi kumzuia mwanamume. Anayemzuia ni huyu bwana, aliyekaa mlangoni usiku na mchana, hali rushwa, halali, na hana haja ya kupaza sauti. Kadiri kidonda kinavyopona ndivyo anavyolegeza kamba, na kwa wengi wiki ya tatu anakuwa ameshakuwa mtu wa kuongea naye. Ni kweli kwamba wapo anaokaa nao miezi. Hata wapigiwa sifa wana siku zao.

Ana pia mwigaji, na hapa naomba utani ukae kando kidogo. Maumivu halali hupungua, hata kama ni kwa mwendo wa kinyonga. Yakishapungua kisha yakaanza kupanda tena, pakaja homa, wekundu, usaha, au ngozi ikanata kwenye pampu isiweze kusogea, huyo si bwana wangu. Hayo ni maambukizi. Huwapata wachache, kiasi cha mtu 1 hadi 3 kati ya 100 wanaowekewa mara ya kwanza, na aliyeacha sukari yake ipande hovyo yuko hatarini zaidi. Vijidudu hujijengea utando juu ya silikoni, dawa haziwafikii, na mara nyingi kifaa chote hutolewa. Kungoja nyumbani kwa sababu unaona aibu kumwonyesha nesi ni kumpa mwigaji funguo.

Na wapo ambao walimjua ndugu yake kabla hawajamjua yeye. Vijana wenye selimundu hupatwa na uume kusimama wenyewe, bila hamu yoyote, kwa saa nyingi na kwa uchungu, kwa sababu damu imekwama ndani. Ikizidi saa 4 ni dharura ya kukimbiliwa hospitali usiku huohuo. Wengi hawakimbii. Mama haambiwi, baba haulizwi, na nyama ya ndani inakufa na kuwa kovu. Baadhi yao ndio wanaokuja kuhitaji kipandikizi wakiwa bado na umri wa kuchumbia. Hao wakiwekewa, hukutana na Bwana Maumivu kwa utulivu ambao wazee hawana. Wameshaonja kibaya kuliko yeye.

Nyumbani amefanya jambo ambalo mshenga wala kadhi hawakuliweza: amewafanya mume na mke waongee. Kwa miaka mingi kulikuwa na usingizi wa kusingiziwa, safari za ghafla, na ukali wa bure kuhusu chumvi kwenye mchuzi. Sasa bwana amelala chali hawezi kuinuka, na mama watoto ndiye anayeleta barafu. Hakuna namna ya kubaki na siri na mtu anayekuwekea barafu hapo. Ndipo yanapoulizwa yaliyopaswa kuulizwa kabla ya kupasuliwa: kwamba kifaa hakileti hamu isiyokuwepo, hakiongezi urefu na wengine huona kama umepungua, hisia hubaki kama zilivyokuwa, na kwamba hakuna kurudi nyuma, kwa kuwa nyama iliyokuwa ikijaza damu imekwisha kutoa nafasi. Wengi wanaowekewa husema wameridhika. Hawasemi hivyo wiki ya kwanza.

Kazi yake ya mwisho ni siku ya somo la pampu. Mgonjwa huwa ameshaambiwa aivute taratibu iteremke, kila siku, akiwa kwenye maji ya uvuguvugu, isije ikapanda juu na kukwama. Wengine huivuta, wengine huapa kwamba waliivuta. Sasa daktari anaitafuta kwa vidole, anaishika, anabonyeza. Wanaongoja kwenye foleni nje ya mlango husikia sauti, na kila mmoja huangalia karatasi yake kuhakikisha ameandikiwa chumba kipi. Baada ya hapo ni mazoezi ya nyumbani, kujaza na kupunguza kila siku kwa majuma kadhaa, hadi mirija izoee na Bwana Maumivu aone hana tena cha kukagua. Haagi. Mtu anagundua tu kwamba amepanda bajaji na hakuhesabu matuta.

Msema kweli huyu ana bahati mbaya moja: amepangishwa kwa wanaume. Mwenyeji wake anaporudi kijiweni baada ya kupotea wiki nyingi, akitembea bado kwa uangalifu, lazima atoe maelezo, na huku pwani maelezo yapo tayari. Alikuwa na busha. Busha ni ugonjwa wa heshima, una wazee wake, haumwondolei mtu uanaume. Anapewa pole, anasogezewa kahawa na kashata, na mtu wa kwanza anauliza lile swali la kila busha: limetoka maji lita ngapi? Tatu, nne, jibu lolote linapita. Tano ni nyingi. Pale kwenye benchi kuna waliopasuliwa kweli.