Mwanangu Anasimama Kwenye Zebra

Mtoto akianza kutambaa, unapandisha vikombe juu ya kabati. Akianza kutembea, unafunga geti. Akifikisha miaka 18 na kudai ufunguo wa gari, utapandisha nini juu ya kabati? Barabara ya Morogoro?

Swali hili lilinikuta katika ile likizo ndefu ambayo nchi yetu imewatunuku waliomaliza kidato cha nne. Mtihani Novemba, matokeo Januari, kidato cha tano Julai. Hapo katikati kijana hana la kufanya ila kula, kulala na kurefuka. Baba yake akasema badala ya kutumalizia mkate, aende akajifunze udereva. Alilisema kwa utulivu wa mtu ambaye hatakuwamo ndani ya gari.

Na kweli hakuwamo. Kila tulipojiandaa kutoka kwenda kufanya mazoezi, goti lake lilianza kuuma. "Nyie nendeni tu, nitawafuata kwa simu." Lakini wiki ile ile kijana alipopata leseni ya kujifunzia, baba huyu, ambaye miaka yote ni mtu wa bima ndogo na huiona bima kubwa kuwa anasa ya watu wa Masaki, alikwenda mwenyewe kwa wakala, bila kusukumwa na mtu, akakata bima kubwa. Goti siku hiyo halikusema kitu. Mengine yote aliyoyatamka kuhusu kumwamini mtoto ni maneno. Ile stakabadhi ya bima ndiyo maoni yake.

Chuo cha udereva kilimfundisha kwa gari la gia za mkono, lenye breki na klachi za ziada upande wa mwalimu. Aliyebuni breki hizo lazima alikuwa mzazi. Gari letu ni IST, halina kitu cha namna hiyo. Upande wangu kuna mkeka tu, na huo mkeka nimeukanyaga mpaka umeota kishimo chenye umbo la kisigino changu. Halafu ni otomatiki. Kijana ametoka chuoni na mguu wa kushoto uliofundwa kutafuta klachi, na hakuna aliyeupa mguu huo taarifa kwamba huku kwetu klachi hakuna. Basi unashuka, unakutana na breki, unaibana kwa nguvu zote za klachi, nasi wote tunaisalimia dashibodi.

Hayo nilikuwa nimeyatarajia. Nilijiandaa kwa mtoto asiyejua sheria za barabarani. Sikujiandaa kwa mtoto anayezijua na kuziamini.

Dalili zilianza mezani. Tukiwa tunakula, anatutahini alama. Pembetatu yenye ukingo mwekundu ni onyo. Duara lenye ukingo mwekundu ni katazo. Mezani pale mwenye maksi za chini alikuwa baba yake, ambaye ana leseni ya siku nyingi na alidai kwamba wakati wake alama hizo hazikuwapo. Nilicheka. Kicheko changu kiliishia Sinza, kwenye Barabara ya Shekilango, kijana alipoiona zebra.

Pembeni walikuwa wamesimama mama mmoja na beseni lake kichwani, watoto wa shule ya msingi, na mzee mwenye mkongojo. Mwanangu akapunguza mwendo, akasimama kabla ya mstari, kama kitabu kinavyosema. Hakuna aliyevuka. Yule mama alirudi nyuma hatua moja. Mkazi wa Dar es Salaam akiona gari limesimama mbele yake na halijaharibika, anajua kuna jambo: ama dereva amemfananisha na mtu, ama anamvizia afike katikati. Mwanangu akawapungia mkono kwa heshima wavuke. Wakarudi hatua nyingine. Mzee akaanza kututazama namba za gari.

Nyuma yetu daladala ikapiga honi, ya nyuma yake ikaitikia, na muda si muda ukawa ukoo mzima wa honi. Konda akateremka, akaja dirishani.

"Dogo, limezima?"

"Hapana kaka, nasubiri wavuke."

Konda aliitazama ile L nyekundu kwenye kioo, akanitazama mimi. "Mama, huyu mtoto umemtoa wapi?"

Hakungoja jibu. Aliwageukia wale watu akapaza sauti: "Vukeni bwana, tuna haraka!" Wakavuka mbio, mzee na mkongojo wake akiwa wa kwanza. Ilikuwa ni amri ya konda iliyowavusha. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilikuwa imekaa kwenye usukani na indiketa zake, hakuna aliyeisikiliza.

Tukaendelea. Kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kijana wangu akisema 50 ana maana ya 48, kwa tahadhari. Bajaji ikatupita. Bodaboda ikatupita ikiwa imebeba sofa na mwenye sofa. Ukatupita msafara wa mazishi, na wafiwa walitutazama kwa huruma. Nilitaka kumwambia aongeze mwendo kidogo, lakini nitaanzaje? Mimi ni mama niliyetumia miaka yote ya malezi kumwambia "polepole". Leo anaitika, nami natokwa na jasho.

Maana hapo ndipo penye hofu yenyewe. Jiji hili lina lugha yake ya barabarani, na hakuna chuo kinachoifundisha. Taa fulu ya dereva wa hapa inaweza kumaanisha pita, inaweza kumaanisha thubutu upite, na inaweza kumaanisha mbele kuna trafiki. Kuna kuchomekea na kuna kutanua, na kila kimoja kina wakati wake na wajuzi wake. Anayewasha indiketa kutaka kuhama njia amewatangazia maadui mpango wake: wa nyuma watakaza mwendo kuziba ile nafasi. Mwanangu huiwasha, akangoja kupishwa. Tulingoja sana. Njia tuliyotakiwa kukata tuliipita, na ile iliyofuata, tukageuzia mbali kabisa na kwetu, indiketa bado inalia tiki-tiki. Baba yake akapiga simu kuuliza tuko wapi. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Gari ipo?"

Kwenye taa za kuongozea magari alikuwepo trafiki, nguo nyeupe, mkono juu. Taa ya kijani inatuita, mkono wa afande unatukataza. Nilidhani hapa kitabu kitamshinda kijana. Wapi! Akanieleza, bila kutoa macho barabarani, kwamba ishara ya askari inazidi taa. Afande akatusogelea. Nikaanza kuihesabu moyoni ile faini ya shilingi 30,000, maana sijawahi kuona gari lisilo na kosa, kuna magari ambayo hayajaangaliwa vizuri tu. Kijana akateremsha kioo.

"Shikamoo afande."

Afande akaitazama leseni ya kujifunzia, akaitazama yangu. Akaangalia mikanda, akaomba kizima moto, akaoneshwa. Akaomba pembetatu za dharura, akaoneshwa, tena mwanangu akaanza kumweleza zinawekwaje barabarani gari likiharibika. Afande akalizunguka gari, akarudi akiwa na uso wa mtu aliyealikwa harusini akakuta pilau halijapikwa. "Haya, nendeni," akasema.

Kupaki nako ni shule nyingine. Pale sokoni, gari lenye L likianza kurudi nyuma, watu huacha biashara zao. Mwuza matikiti anasema kata kulia. Kijana wa mkokoteni anasema kata kushoto. Mama ntilie, mwiko mkononi, anasema njoo, njoo, njoo, kwa sauti ya kumwita kuku, na mlinzi wa duka la jirani anasema simama. Kila mmoja anapiga bodi kwa kiganja kuthibitisha hoja yake. Kijana akanigeukia: "Mama, kati ya hawa nani ana leseni?" Nikamwambia apaki tu. Walimshangilia alipomaliza, na wote wakadai ya soda.

Hatimaye alifaulu. Akapata leseni yake, daraja D, yenye picha ambayo amekunja uso kama mtu wa benki. Habari zikafika Tanga kabla leseni haijapoa, na mama yangu mzazi akapiga simu.

"Nasikia mume wangu ni dereva," akasema. Kwa mama yangu, mjukuu wa kiume ni mume, na mume huyo hajawahi kukosea tangu azaliwe. "Nakuja kliniki. Sitaki Bolt, sitaki wewe. Anipokee yeye."

Hivyo ndivyo kijana alivyotoka peke yake kwa mara ya kwanza, kwenda Mbezi, Kituo cha Mabasi cha Magufuli. Mimi niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Baba yake alikuwa anatembea kutoka sebuleni hadi getini na kurudi, goti limepona kabisa. Basi la Tanga lilikwisha kuingia, muda wa kufika nyumbani ukapita, nikaambiwa na baba yake kwamba ni foleni, nikamwambia najua ni foleni, hakuna kati yetu aliyeamini.

Simu ikaita. Mama.

"Shikamoo mama. Mko salama?"

"Marahaba. Mwambie mume wangu aondoe gari."

"Gari lina nini?"

"Gari zima, linanguruma vizuri. Yeye ndiye hataki. Anasema mpaka nifunge mkanda."

"Si ufunge tu, mama."

"Nimetoka Tanga mpaka hapa sijafungwa na mtu, nije nifungwe Mbezi?"

Nilimsikia kijana kwa mbali, kwa sauti yake ile ya kitabu, akimweleza bibi yake kwamba dereva ndiye mwenye dhamana ya abiria wake, na kwamba wakiendelea kukaa pale ushuru wa maegesho utaongezeka. Baba yake akaninong'oneza sikioni, "Gari ipo?" Nikambembeleza mama, nikamkumbusha mgongo wake, nikamkumbusha kliniki, nikamkumbusha kwamba mwanamke humtii mumewe. Hilo la mwisho lilimwingia. Nikasikia mkanda ukivutwa, halafu ka!

"Haya, nimefunga," akasema. Kisha akashusha sauti: "Tukishalipita hilo geti naufungua. Usimwambie."

"Bibi, nimesikia," ikasema sauti ya upande wa pili, na injini ikazimwa.