Kalooli na Nauli ya Kivuko

Mvua ilipojaza Mfereji wa Nakivubo hadi kingoni, wanyama wa soko la Owino hawakuweza kuvuka bila Kalooli, yule korongo mkubwa mwenye kipara na mfuko shingoni. Nauli aliibandika kwenye mwembe: N = 3k + 2. N ni nauli, k ni idadi ya vikapu. Kila kikapu mukene watatu, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, na juu yake wawili wa mashua, uwe na kikapu kimoja au ishirini. Nauli yenyewe ilikuwa ya haki. Aliyeisoma ndiye aliyewatesa wenzake.

Mama Panya alifika na vikapu vinne.

“Toa k, weka 4,” akasema Kalooli. “Kando yake ipo 3. Hiyo ni 34. Ongeza 2. Lete 36.”

Mama Panya akamtazama Mwalimu Kasuku, aliyewafundisha wote aljebra kwa kuimba. “Weka namba mahali pa herufi!” akaimba Kasuku, na foleni nzima ikaitikia. Mama akalipa. Sungura, mwenye vikapu viwili, akatozwa 34.

Hapa ndipo watoto wengi wa darasa la sita na la saba wanapokwama. Akili wanazo, wamenyimwa neno moja tu, kwamba 3k ni 3 mara k. Watu wazima wamezoea kutoiandika alama ya kuzidisha, na mtoto anaachiwa aikisie. Si haki.

Binti wa Panya akasogea. “Ssebo, mwenye vikapu 9 analipa ngapi?”

“39 na 2, ni 41.”

“Na mwenye 10?”

“310 na 2, ni 312.”

“Kikapu kimoja tu kinaongezeka, ssebo, na nauli inapanda kwa 271?”

Kalooli akameza mate. Binti akaokota kijiti, akaandika kwenye tope: N = 3(4) + 2. Akazidisha kwanza, ndipo akajumlisha. Kisha akapanga mukene juu ya gunia: safu nne za watatu watatu, wawili pembeni. Kumi na wanne. Akaweka 9 mahali pa k, akapata 29. Akaweka 10, akapata 32. Tofauti ni 3, bei ya kikapu kimoja.

“Lakini Mwalimu alisema tuweke!” akalalama Kalooli.

“Aliishia hapo, ssebo.”

Kasuku akashuka mtini, akaomba kijiti. Sungura alikuwa amekwisha kupanga safu zake mbili, anadai mukene wake 26.