Bei ya Twiga, Bei ya Mtu

Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, na ole wako ugonge mnyama: faini ina viwango vyake, tena kwa dola. Twiga ni 15,000. Yeye haulizwi kadi wala barua ya mtendaji. Thamani yake inajulikana akiwa bado anatafuna majani ya mgunga.

Jirani yake, mkulima wa Kilosa, ndiye mwenye kazi ya kujieleza. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, iliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Bei haina ubaya, ila homa hupenda kuja Februari, ufuta ukiwa bado shambani. Na mtoto aliye mtu wa saba katika kaya tumwambieje? Asubiri dada yake aolewe?

Mzee wa miaka 60 asiye na uwezo, sera inasema atibiwe bure. Na kweli anapishwa foleni, anaitwa babu kwa heshima zote, anaandikiwa. Kisha anaelekezwa dawa akanunue duka la pili kutoka stendi. Bure yenyewe imeishia kwenye karatasi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, tunashukuru. Mpaka kadi zifike kitongojini, waheshimiwa, tuwekeeni basi kibao barabarani: kulazwa kiasi gani, upasuaji kiasi gani, kwa shilingi. Tuanze kuuza kuku mapema.